IST namba D inayokula lita moja kwa kilomita tisa: ununue au uache?

Gari ni Toyota IST ya 2004, modeli NCP61, injini ya 1NZ-FE yenye cc 1,497, giaboksi ya otomatiki ya gia nne, namba D (herufi za namba ya usajili zinaanza na D), liko Dar es Salaam. Odometa inasoma kilomita 128,000. Mwenye gari anataka milioni 10.5, wakati IST za umri na hali ya aina hiyo ambazo mnunuzi ameshaziona zinaanzia milioni 12. Sababu ya kushusha bei haijafichwa: gari linakula mafuta, lita moja kwa kilomita tisa. Mnunuzi anaishi Mbezi, anafanya kazi Posta, kilomita 40 kwa siku kwenda na kurudi, siku sita za wiki. (Kisa kimeundwa kutokana na hali zinazojirudia gereji. Bei zote humu ni za makadirio, kwa hiyo weka za siku yako.)

Tuanze na hesabu, kwa kuwa gari dogo linanunuliwa kwa ajili ya hesabu. Kilomita 40 mara siku 26 ni kilomita 1,040 kwa mwezi. IST ya 1.5 yenye afya, kwenye foleni ya Morogoro Road huku kiyoyozi kikiwa wazi, inatakiwa ikupe kilomita 12 hadi 13 kwa lita. Chukulia petroli ni shilingi 3,000, ingawa bei kikomo ya EWURA (mdhibiti wa bei za mafuta) hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa kilomita 13 kwa lita unachoma lita 80, yaani shilingi 240,000. Kwa kilomita tisa unachoma karibu lita 116, yaani zaidi ya shilingi 346,000. Tofauti kwa mwaka inakaribia milioni 1.3. Punguzo la milioni moja na nusu anayokupa muuzaji linaisha kabla hujamaliza mwezi wa kumi na tano, na ugonjwa wenyewe bado umo ndani ya gari.

Hivyo ulaji wa mafuta si kasoro ya kuvumilia wala ya kushangilia punguzo lake. Ni dalili, na bei ya haki ya gari hili haijulikani mpaka ijulikane ni dalili ya nini. Sensa (kihisi) ya laki moja na themanini inaweza kufanya gari linywe hivyo, na silinda hedi iliyopinda inaweza kuwa nyuma ya dalili ileile.

Je, kweli ni kilomita tisa?

Watu wengi hupima mafuta kwa kuangalia mshale au kwa "niliweka ya elfu ishirini ikaisha Jumatano". Hicho si kipimo. Jaza tenki sheli mpaka mkono wa pampu ukate wenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Rudisha tripu (kihesabu cha safari) kwenye sifuri. Endesha angalau kilomita 150, kisha rudi kwenye pampu ileile, gari likae upande uleule, ujaze mpaka ikate tena. Kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Muuzaji asipokubali gari litembezwe kiasi hicho kwa mafuta yako mwenyewe, chukua takwimu yake kama madai tu.

Kwenye gari hili kuna jambo la kuangalia kabla hata ya kuwasha injini: tairi. IST ilitoka kiwandani na 185/65R15. Hili limevaa 205/65R15, na juu ya springi kuna spesa, vipande vya kuinua bodi. Ni mtindo uliozoeleka mjini wa kuliinua gari lisikwaruze kwenye matuta na barabara za vumbi. Kipenyo cha tairi ya asili ni milimita 622 hivi, cha hii iliyovaliwa ni 648. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa umbali uleule, kwa hiyo gari likienda kilomita 100 za kweli odometa inaandika 96. Kilomita tisa za muuzaji kwa hakika ni 9.4. Si nyingi, ila ni sehemu ya pengo isiyotokana na injini. Kwa upande mwingine, tairi pana na nzito zinaongeza mzigo wa kusukuma, na gari lililoinuliwa linalaza vibaya pembe za driveshafti (mhimili unaozungusha gurudumu), joint zake zinakufa mapema. Kata usukani mpaka mwisho, tembeza gari taratibu, kwanza kulia halafu kushoto. Ukisikia ka-ka-ka-ka gurudumu la mbele, joint imekwisha.

Asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, ahirisha, maana gari lililokwisha kupashwa moto limeshameza nusu ya siri zake.

Fungua kifuniko cha rejeta (injini ikiwa baridi tu, la sivyo utaungua). Hapa maji ni ya rangi ya chai yenye kutu. Hakuna kulanti, ni maji ya bomba. Kulanti haiwekwi kwa ajili ya baridi ya Ulaya pekee: ina dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Hedi ya 1NZ na bloku yake ni alumini, na maji ya bomba huila pole pole, kuanzia njia za maji na pampu.

Sasa washa ufunguo bila kupiga stata. Taa zote za dashibodi zinatakiwa ziwake, ikiwemo ya injini, kisha izime injini ikishaunguruma. Kwenye gari hili taa ya injini haikuwaka kabisa. Wengi hawaangalii hapo, wanaangalia tu kwamba gari likiunguruma hakuna taa ya njano, na wanafurahi. Taa isiyowaka ufunguo ukiwa wazi ni taa iliyong'olewa au kuzibwa, na hakuna anayeziba taa isiyomsumbua.

Piga stata. Moshi wa bluu (oili inayoungua) unaotoka kwa sekunde chache tu asubuhi huashiria sili za valvu. Wa bluu unaorudi kila ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni, na injini za 1NZ zilizocheleweshewa oili zinajulikana kwa ringi za oili kuganda kwa masizi. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamu kidogo kama kuna kulanti, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli nyingi. Hili linatoa weusi hafifu, na ncha ya ekzosi ina masizi makavu yanayochafua kidole. Kwa hiyo injini inapewa mafuta zaidi ya inayohitaji. Nani anaiamuru hivyo?

Halafu feni. Kiyoyozi kimezimwa, injini ina dakika moja tangu iwake, na feni ya rejeta inazunguka kwa nguvu zote. Kwa kawaida feni hukaa kimya mpaka maji yafike nyuzi tisini na kitu, au kiyoyozi kiwashwe. Hii imeungwa waya moja kwa moja.

IST haina mshale wa joto la injini. Ina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu inayowaka ikizidi moto, basi. Kwa joto la Dar ile ya bluu hukaa muda mfupi sana. Kwenye gari hili ilizimika kwenye foleni, lakini gari lilipopata nafasi ya kwenda kasi ya 70 kwa dakika kadhaa, ikarudi kuwaka. Injini inayopoa kwa kutembea haina thamostati (kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), au inayo iliyokwama wazi.

Alipoulizwa, muuzaji alijibu kama wengi wanavyojibu:

"Thamostati tulitoa, bosi wangu. Ile ni ya nchi za baridi, huku kwetu joto inafanya nini?"

"Sawa kaka, lakini mliitoa lini? Ilikuwa inachemsha?"

"Hapana, haijawahi kuchemsha. Fundi tu alishauri."

Jibu hilo lisipokewe wala lisikataliwe pale pale. Thamostati ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la kazi haraka na kuibakiza hapo, iwe Makambako au Mbagala. Bila hiyo kompyuta ya injini inaona maji ya nyuzi 60 na kitu, inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaongeza mafuta na kuchelewesha giaboksi kufunga kwenye gia ya juu. Oili nayo haipati joto la kutosha kufukuza unyevu. Lakini swali kubwa ni kwa nini ilitolewa. Fundi hafungui alternata ili afikie kile kikombe cha thamostati bila sababu. Mara nyingi sababu ni gari lililochemsha, na badala ya kutafuta chanzo (rejeta iliyoziba, pampu ya maji inayovuja, feni isiyowaka) thamostati ikatolewa na feni ikaungwa moja kwa moja. Viwili hivyo vikikutana kwenye gari moja, chukulia limewahi kuchemsha mpaka vipimo vikanushe.

Vipimo vinavyoamua

Hapa mnunuzi analipia gereji anayoichagua yeye, asiende kwa fundi wa muuzaji. Gharama ya ukaguzi wa kina ni ndogo ukilinganisha na injini ya mtumba ambayo, ikifungwa na kila kitu, inaweza kufika milioni mbili.

Plagi kwanza, zote nne, zipangwe mezani kwa mpangilio wa silinda. Zote zikiwa nyeusi kwa masizi makavu, tatizo ni la mchanganyiko wa mafuta kwa injini nzima. Moja ikiwa safi kuliko wenzake, kama iliyooshwa, silinda hiyo inaingiza maji, na mazungumzo ya bei yaishie hapo. Za gari hili zote nne zilikuwa nyeusi kwa usawa. Ni habari njema kidogo. Nafasi ya ncha inatakiwa iwe milimita 1.1, zilikuwa zimetanuka.

Kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) inapimwa injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje, soketi za koili na za injekta zikiwa zimechomolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini na betri ikiwa na nguvu. Ukiacha pedali juu utapata namba ndogo za uongo na kuikataa injini nzima bure. Kwa 1NZ-FE namba ya kiwandani ni psi (kipimo cha presha) 213, ya chini inayokubalika ni 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 15 hivi. Gari hili lilitoa 188, 185, 190 na 186. Ni injini iliyotumika lakini haijachoka, na hakuna silinda mbili jirani zilizoshuka pamoja, ambayo ndiyo picha ya gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku) iliyokatika kati ya silinda hizo.

Kompresheni nzuri haimalizi suala la gasketi. Mpasuko mdogo huvuja hewa kwenye njia ya maji bila kuonekana kwenye geji. Ndiyo maana kuna dawa ya bluu: chupa inakaa juu ya mdomo wa rejeta, injini ya moto ikiunguruma, hewa inayotoka kwenye maji inapita kwenye dawa. Ikigeuka njano, hewa ya mwako inaingia kwenye maji. Hapa ilibaki bluu kwa dakika kumi. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na utando mweupe mzito, na fundi mwenye haraka angetangaza gasketi imekufa. Injini isiyofikia joto la kazi hutengeneza utando huohuo kwa unyevu wa hewa tu. Kijiti cha oili kilikuwa safi, hakina maziwa. Utando juu na kijiti safi, kwenye gari lisilo na thamostati, si ushahidi wa gasketi.

Kisha kompyuta. Vile vifaa vidogo vya bluetooth vya bei rahisi mara nyingi haviongei na IST za soko la Japani za miaka hiyo, kwa hiyo usishtuke simu ikikataa kuunganika. Tumia mashine ya gereji inayosoma Toyota za Japani, au njia ya zamani: unganisha kwa waya pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, fungua ufunguo, hesabu mimweko ya taa ya injini. Taa ikimweta mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa. Kwa gari hili ilibidi kwanza taa irudishwe uhai. Ikamweta mara mbili, ikatulia, ikamweta mara moja: 21, sensa ya oksijeni, inayopima hewa ya ekzosi. Mashine ikaonyesha volti ya sensa imelala kwenye 0.1 wakati inatakiwa ipande na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 muda wote. Sensa iliyolala chini huidanganya kompyuta kwamba mafuta ni machache, nayo inaendelea kuongeza. Ndipo masizi yalipotoka. Moshi mweusi wa muda mrefu huumiza na katalisti (kisafisha moshi ndani ya ekzosi), kwa hiyo ukilipandisha gari kasi likawa zito kama limezibwa pumzi, kagua na hiyo.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine. Endesha kilomita kumi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, weka mkono karibu na kila rimu. Ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto kuliko zote. Ikapigwa jeki, breki ya mkono ikiwa chini, na gurudumu likazunguka nusu mzunguko likasimama. IST hii ina breki za ngoma nyuma. Silinda ndogo ya breki imeshika kwa kutu, na gari linatembea likijishikilia lenyewe kutoka Mbezi hadi Posta.

Kwa hiyo hakuna mla mafuta mmoja. Sensa ina sehemu kubwa, thamostati na breki zinachangia, tairi zinachangia mara mbili: kwa uzito na kwa kuipotosha odometa. Fundi anayebadilisha kitu kimoja, akaona kilomita tisa zimekuwa kumi na nusu, akasema "IST za 1.5 ndivyo zilivyo", ameacha kazi katikati.

Mengine, kwa haraka

Bodi: puti kidogo kwenye fenda ya mbele kulia, boliti za fenda zimeguswa spana, lakini vichwa vya chasisi mbele vimenyooka na kuchomelea kwa kiwanda kunaonekana. Inavumilika. Siti ya dereva na mpira wa pedali ya breki vimechakaa kuliko gari la kilomita 128,000, na bawaba za milango ya nyuma zimelegea. Huenda lilibeba abiria wa kulipia, na odometa isiaminiwe. Usukani ni wa umeme: ukikata gari limesimama ukasikia mlio mkavu wa kugonga kwenye kolamu ya usukani, ongeza laki kadhaa kwenye hesabu. Hapa ulikuwa laini. Giaboksi inabadilisha bila kupiga kichwa, ila oili yake ni nyeusi. Imwagwe na kuwekwa ya aina ya T-IV, bila kuisafisha kwa mashine ya presha.

Karatasi zisirukwe hata gari likiwa zuri namna gani. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati ilingane na kadi halisi, siyo kopi, maana kadi halisi ikikosekana huenda imelala kwa mkopeshaji. Jina kwenye kadi liwe la anayeuza. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TMS wa polisi, kila kosa lina faini yake na zinarundikana. Malipo yafanyike mkataba ukishasainiwa mbele ya wakili.

Bei

Thamostati na kulanti 120,000. Sensa ya oksijeni 180,000. Silinda za breki nyuma na usafishaji 110,000. Oili ya giaboksi na kazi 150,000. Plagi nne halisi 80,000, na si za kwenye pakiti inayong'aa zinazouzwa nne kwa bei ya moja. Tairi nne za 185/65R15 laki sita, ukiondoa utakachopata ukiziuza hizi. Jumla 1,240,000. Feni irudishwe kwenye waya zake za asili, kazi ya saa moja.

Kwa milioni 10.5 punguzo dhidi ya soko ni milioni 1.5. Ukitoa matengenezo unabaki na 260,000 za kubeba hatari ya injini iliyowahi kuchemsha. Hazitoshi. Kwa 9.8 unabaki na 960,000, karibu nusu ya injini ya mtumba. Hapo ndipo gari hili linapolipa, na mpaka wa juu usizidi milioni 10. Kama dawa ya bluu ingegeuka njano, bei sahihi ingekuwa ya gari lisilo na injini, siyo ya kupunguza laki tatu.

Muuzaji atakuuliza kwa nini usiagize tu Japani. Mwonyeshe hesabu ya TRA: gari la zaidi ya miaka kumi hubeba ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine, na ndiyo maana IST ya 2004 iliyokwisha kusajiliwa bado ina bei. Wenzetu wa Kenya hawana hata chaguo hilo, sheria yao inakataza magari ya zaidi ya miaka minane.

Thamostati mpya isifungwe bila kupimwa. Itumbukizwe kwenye sufuria ya maji yanayopashwa, pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka kwenye 80 hadi 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8.5 au zaidi. Kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu ili hewa itoke. Baada ya hapo, chora mstari wa kalamu ya maka kwenye chupa ya akiba ya kulanti, uangalie kila asubuhi kabla ya kuwasha kwa wiki mbili. Thamostati ikirudi, presha na joto la kweli vinarudi pia, na udhaifu uliokuwa umefichwa na injini baridi hujitokeza ndani ya siku hizo. Kulanti ikishuka chini ya mstari na chini ya gari hakuna tone, dawa ya bluu irudiwe siku hiyohiyo, kabla gari halijapanda tena Kibamba kwa kasi.